Kasese: Katika shauri la ulezi wa mtoto, kuchelewa ni nusu ya hukumu

Wazazi wanapotengana katika wilaya ya Kasese, magharibi mwa Uganda, swali la nani atakaa na watoto mara nyingi huwa limekwisha kujibiwa kabla halijafika mbele ya hakimu. Anayelijibu ni yule aliyeondoka na mtoto, na baada yake ni miezi inayopita. Uchambuzi huu unaangalia msaada wa kisheria ambao wakazi wa Katwe, Bwera na Mpondwe wanaweza kuupata, mahali unapokwama, na sababu za kasi kuwa na thamani kubwa kuliko ufasaha wa wakili.

Tuchukue mfano ambao haumhusu mtu yeyote mahususi. Mwanamke anafanya kazi katika vidimbwi vya chumvi vya Ziwa Katwe, na mwenzake ni mvuvi. Wanatengana, na baba anampeleka mtoto wao wa miaka 4 kwa bibi mzaa baba, upande wa Bwera. Mama anakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji na kupewa barua ya kuwaita wakwe zake. Wakwe hawafiki. Mama anasubiri kiangazi, chumvi ikomae, apate nauli na fedha za kujikimu. Mvua zinarefuka, na miezi minane inakatika.

Atakapofika mahakamani, hali aliyoiacha haipo tena. Mtoto ameanza shule ya awali huko aliko, ana marafiki, na analala kwa bibi yake bila kulia. Sheria ya Uganda inamtaka hakimu apime, pamoja na mambo mengine, athari ambazo mabadiliko yoyote yatakuwa nazo kwa mtoto. Kumrudisha Katwe sasa ndiyo mabadiliko. Upande uliokataa wito wa kijiji umejipatia hoja ya kisheria kwa kungoja tu.

Huo ndio ugumu wa mashauri ya aina hii. Kesi ya shamba ikichukua miaka miwili, shamba litakutwa pale pale. Mtoto hasubiri. Sheria ya Watoto ya Uganda, iliyotungwa mwaka 1996 na kufanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2016, ililitambua jambo hili tangu mwanzo kwa kuweka kanuni kwamba ucheleweshaji wowote katika kuamua suala la mtoto unaweza kuudhuru ustawi wake. Tatizo ni umbali uliopo kati ya kanuni hiyo na kijiji.

Mtoto si wa aliyetoa mahari

Katika jamii nyingi za eneo hili, ukoo hufuata upande wa baba. Mtoto hupewa jina la upande huo, hurithi huko, na wazee wanapoketi kusuluhisha ndoa iliyovunjika, swali la kwanza aghalabu huwa la mahari: ilitolewa au haikutolewa? Ikiwa ilitolewa, watoto huhesabiwa kuwa wa baba. Ikiwa haikutolewa, familia ya mama hujiona ina haki ya kuwazuia mpaka itolewe.

Sheria ya nchi haiutambui mzani huo. Katiba ya mwaka 1995 inawapa mwanamume na mwanamke haki sawa katika ndoa, wakati wa ndoa na inapovunjika. Inasema pia kwamba kuwatunza na kuwalea watoto ni haki na wajibu wa wazazi wote wawili, na kwamba mtoto ana haki ya kuwajua wazazi wake na kulelewa nao. Tarehe 6 Agosti 2015, Mahakama ya Juu ya Uganda, ikiamua rufaa iliyofikishwa kwake na shirika la MIFUMI, ilitamka kwamba desturi ya kudai kurudishiwa mahari ndoa ya kimila inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Uamuzi huo haukuifuta mahari yenyewe. Lakini uliikata kamba iliyomfunga mwanamke asiye na uwezo wa kurudisha mbuzi na ng'ombe, ambaye alilazimika ama kubaki katika ndoa asiyoitaka au kuwaacha watoto nyuma yake.

Hakimu anachopima ni ustawi wa mtoto. Huangalia matakwa ya mtoto kwa kadiri ya umri na uelewa wake. Mahitaji yake ya mwili, ya moyo na ya elimu. Umri, jinsia na mazingira alikotoka. Madhara aliyoyapata au anayoweza kuyapata. Na uwezo wa kila mzazi wa kuyatimiza mahitaji hayo. Kwa muda mrefu mahakama zimeelekea kuona kwamba mtoto mdogo sana akae na mama yake, isipokuwa pakiwa na sababu nzito ya kuamua vinginevyo. Huo ni mwelekeo tu, na baba anayeonyesha kwamba mtoto yuko hatarini husikilizwa.

Umaskini peke yake haumwondolei mzazi haki ya kukaa na mtoto. Sheria inatenganisha maswali mawili ambayo vijijini huchanganywa: mtoto akae na nani, na nani agharimie matunzo yake. Mzazi anayekaa na mtoto anaweza kuomba amri ya matunzo dhidi ya mwenzake, wawe walifunga ndoa au hawakufunga. Kwa hiyo kauli ya kwamba mama hana kipato, basi mtoto abaki kwa baba, haimalizi shauri. Pengine jibu ni mtoto akae na mama, na baba atoe matunzo.

Barua ya kijiji na amri ya mahakama

Wengi huanzia kwa mwenyekiti wa LC1, na hawajakosea. Sheria ya Watoto inazipa halmashauri za vijiji wajibu wa kulinda ustawi wa watoto katika maeneo yao na kusuluhisha pale haki za mtoto zinapovunjwa. Mwananchi yeyote mwenye ushahidi kwamba mzazi mwenye uwezo anakataa kumpa mtoto chakula, malazi, matibabu au elimu anaweza kuripoti huko. Usuluhishi wa kijiji ni wa karibu, hufanyika kwa lugha ya nyumbani, na mara nyingine humaliza ugomvi ambao mahakama ingeuchochea zaidi.

Kosa ni kuishia hapo. Makubaliano yaliyoandikwa mbele ya mwenyekiti, hata yakiwa na muhuri na saini za mashahidi, hayana nguvu ya amri ya mahakama. Hali ni hiyo hiyo kwa maelezo yaliyoandikishwa polisi katika Kitengo cha Ulinzi wa Familia na Mtoto. Karatasi hizo ni ushahidi muhimu wa nani alisema nini na lini, lakini upande mmoja ukiamua kuzipuuza, hazimrudishi mtoto. Amri ya nani akae na mtoto, nani amtembelee na kwa siku zipi hutolewa na mahakama, na mahakama iliyowekwa kwa ajili hiyo ni Mahakama ya Familia na Watoto, ambayo sheria inataka iwepo katika kila wilaya.

Mahakama hiyo haifanani na ile inayoonekana katika filamu. Sheria inaitaka isikilize mashauri faraghani, bila ukali wa taratibu za kawaida, na bila kumweka mtoto katikati ya mabishano ya pande mbili. Mtu anaruhusiwa kuwasilisha maombi yake mwenyewe bila wakili. Mahakama pia inaweza kuombwa itoe amri ya muda wakati shauri kuu linaendelea. Amri hiyo ndiyo dawa iliyo karibu zaidi na ugonjwa wa kuchelewa, na ndiyo ambayo wazazi wengi hawajui kwamba inaweza kuombwa.

Mlango wa kwanza

Ofisi inayopaswa kujulikana zaidi kuliko ilivyo ni ya Afisa wa Probesheni na Ustawi wa Jamii. Huyu ni mtumishi wa serikali ya wilaya, na makao makuu ya wilaya ya Kasese yako Rukoki. Kazi yake ni kusikiliza pande zote, kuwapatanisha inapowezekana, na kuchunguza mazingira anamoishi mtoto. Shauri likifika mahakamani, taarifa yake kuhusu nyumba zote mbili inaweza kuwa na uzito kuliko maneno ya pande zenyewe. Ngazi ya chini yupo afisa wa maendeleo ya jamii, ambaye anaweza kuanza kuandika taarifa na kumwelekeza mzazi.

Kwa asiyeweza kusafiri, ipo namba 116, inayojulikana kwa jina la Sauti, ambayo ni huduma ya taifa ya simu kwa ajili ya watoto chini ya Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii. Haitozi malipo. Hupokea taarifa za ukatili na utelekezaji na kuzifikisha kwa maafisa wa wilaya.

Yapo pia mashirika ya msaada wa kisheria. FIDA Uganda, chama cha wanasheria wanawake kilichoanzishwa mwaka 1974, kimejijengea jina katika mashauri ya ndoa, matunzo na ulezi. Chama cha Mawakili wa Uganda kina mradi wake wa msaada kwa wasio na uwezo, na Justice Centres Uganda hufanya kazi kama hiyo kwa ushirikiano na Idara ya Mahakama. Kanuni za mwaka 2009 zinamtaka kila wakili atoe saa 40 kwa mwaka kuwahudumia maskini bila malipo. Mzazi hapaswi kuona aibu kuuliza kwenye masjala ya mahakama ni mawakili gani wa karibu wanaotoa huduma hiyo.

Ni wajibu kusema pia kwamba huduma hizi zimeegemea mijini. Kutoka mji wa Kasese hadi Fort Portal ni yapata kilomita 75, na anayetoka Katwe hukata kwanza mbuga ya Queen Elizabeth kabla ya kufika mjini Kasese. Safari moja ni siku nzima bila kazi. Shauri likiahirishwa mara tatu, ni siku tatu za chumvi au za samaki zilizopotea, pamoja na nauli na chakula cha mtoto aliyebebwa mgongoni.

Mshitakiwa ana wakili, mama hana

Pengo hili lina mizizi katika Katiba. Serikali inawajibika kumlipia wakili mtu anayeshitakiwa kwa kosa lenye adhabu ya kifo au kifungo cha maisha. Kinga hiyo ni ya haki, kwani uhai wa mtu uko mizani. Lakini hakuna kinga inayolingana nayo kwa mzazi anayeweza kumpoteza mtoto katika shauri la madai. Muswada wa sheria ya taifa ya msaada wa kisheria umezungumzwa Kampala kwa miaka mingi, wakati majirani wamekwisha kupiga hatua. Kenya ilipitisha sheria yake mwaka 2016, Tanzania Bara mwaka 2017 na Zanzibar mwaka 2018.

Sheria ya Tanzania ina funzo la karibu kwa Kasese, kwa kuwa inawatambua rasmi wasaidizi wa kisheria, yaani watu wasio mawakili waliopewa mafunzo ya kuwaelekeza wananchi. Msaidizi wa namna hiyo hasimami mahakamani. Anachofanya ni kumweleza mama siku ya pili, badala ya mwezi wa nane, kwamba barua ya kijiji haitoshi, na kumsaidia kupanga karatasi zake. Katika shauri ambalo muda ni ushahidi, huyo anaweza kuokoa mengi kuliko wakili anayepatikana mwishoni.

Kwa wasikilizaji wetu Waislamu, kuna pengo jingine. Katiba ya Uganda inazitaja mahakama za Kadhi kwa mambo ya ndoa, talaka, mirathi na ulezi, lakini iliacha kuanzishwa kwake mikononi mwa Bunge, na sheria hiyo imecheleweshwa kwa miaka mingi. Ushauri wa mashehe kuhusu hadhana, yaani haki ya kumlea mtoto mdogo, unaheshimiwa na familia nyingi na unaweza kuzaa suluhu njema. Hata hivyo, upande mmoja ukikataa kuufuata, njia inayobaki ni ile ile ya Mahakama ya Familia na Watoto.

Lugha ya mahakamani

Kiswahili kimeishi Kasese kwa muda mrefu. Kililetwa na biashara ya chumvi, migodi ya Kilembe, reli iliyofika mwaka 1956, kambi za wavuvi na mpaka wa Kongo. Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005, Kiswahili ni lugha rasmi ya pili ya Uganda, kitumike kadiri Bunge litakavyopanga. Mahakamani, hata hivyo, kumbukumbu huandikwa kwa Kiingereza, na asiyekijua hutegemea mkalimani. Tanzania ilibadili sheria mwaka 2021 na kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Mzungumzaji wa Kiswahili wa Katwe bado husimama akisubiri maneno yake yageuzwe.

Sisi tunaotafsiri habari za mahakama tunajua hatari iliyojificha hapo. Neno moja la Kiingereza la sheria huangukia maneno kadhaa ya Kiswahili: kukaa na mtoto, kumlea, kumlinda, kuwa msimamizi wake. Mama akiulizwa kama anakubali kumwachia baba mtoto, anaweza kudhani anaulizwa kuhusu likizo ya shule, kumbe ni kuhusu makazi ya kudumu. Baba akisema anatoa msaada, hakimu anaweza kusikia kwamba analipa matunzo, kumbe alituma fedha mara moja tu. Mzazi asiyeelewa swali ana haki ya kuomba lirudiwe kabla ya kujibu. Ni busara pia kumweleza karani wa mahakama mapema ni lugha gani anayoimudu: Lukonzo, Rutooro, Runyankore au Kiswahili.

Tofauti nyingine ya maneno inawagusa mabibi na mashangazi wanaolea wajukuu na wapwa. Kumtunza mtoto nyumbani hakumfanyi mtu kuwa mlezi wake kisheria. Tangu marekebisho ya mwaka 2016, asiye mzazi anayetaka kutambuliwa hivyo hupeleka maombi Mahakama Kuu, na njia hiyo ni ndefu zaidi.

Amri inapofika Mpondwe

Yote yaliyotangulia yanadhani kwamba mtoto bado yuko Uganda. Bwera iko hatua chache kutoka mpakani, na familia nyingi zina ndugu Kasindi, Beni na Butembo. Wakonzo wa upande huu na Wanande wa upande ule ni jamaa wa damu na wa lugha. Kumvusha mtoto siku ya soko si jambo linalomshtua mtu.

Lakini amri ya hakimu wa Uganda haivuki naye. Kongo ina sheria zake, ikiwemo Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 iliyorekebishwa mwaka 2016, na sheria ya Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto, iliyoanzisha mahakama za watoto. Amri ya kigeni lazima itambuliwe na mahakama ya huko kabla ya kutekelezwa. Upo Mkataba wa The Hague wa mwaka 1980 unaowezesha kurejeshwa haraka kwa mtoto aliyetoroshwa kwenda nchi nyingine, lakini Uganda na Kongo si wanachama wake. Zote mbili ziliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1990, unaozitaka nchi kuzuia utoroshaji wa watoto, ila mkataba huo hauna utaratibu wa siku kwa siku wa kumrudisha mtoto mmoja nyumbani.

Kongo ilipojiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwezi Julai 2022, ilisherehekewa kwa sababu ya biashara. Itifaki ya Soko la Pamoja inahusu bidhaa, kazi, huduma na mitaji. Haikuandikwa kwa ajili ya mzazi anayemtafuta mwanawe ng'ambo ya mto Lhubiriha. Kama viongozi wa Jumuiya wanatafuta jambo dogo lenye faida kubwa, kutambuliana kwa amri za ulezi kati ya nchi wanachama ni mahali pazuri pa kuanzia.

Kwa sasa, kinga ni bora kuliko tiba. Mzazi anayehofia mtoto kuvushwa anaweza kuiomba mahakama iandike katika amri yake ya muda kwamba mtoto asitolewe nchini, kisha apeleke nakala kwa polisi na kwa maafisa wa uhamiaji walioko Mpondwe. Mtoto akivushwa kabla ya ombi hilo, shauri linaanza upya katika nchi nyingine, na mara nyingi kwa Kifaransa.

Yanayoweza kufanywa wiki hii

Mzazi aliyetenganishwa na mtoto asijaribu kumchukua kwa nguvu wala kwa hila. Kitendo hicho kinaweza kumfikisha kwenye kesi ya jinai, na kitasomwa mahakamani kama ishara ya tabia yake. Aandike tarehe mtoto alipoondolewa na kila jaribio alilofanya kumwona. Atunze barua ya LC1, kumbukumbu za polisi, kadi ya kliniki, risiti za shule na ujumbe wa fedha zilizotumwa kwa simu. Cheti cha kuzaliwa kina uzito wa pekee, kwa kuwa jina la mzazi lililoandikwa humo ni ushahidi wa awali wa uzazi mpaka upinzani uthibitishwe. Mtoto ambaye bado hajaandikishwa aandikishwe sasa, kabla ya ugomvi.

Ajiwekee pia ukomo wa kungoja. Wito wa kijiji ukipuuzwa mara mbili, hakuna faida ya kusubiri wa tatu. Aende kwa afisa wa ustawi wa jamii na kisha kwenye masjala ya mahakama, aombe amri ya muda, na wakili atafutwe huku shauri limekwisha kufunguliwa.

Wahenga walisema kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Sheria ya Uganda inakubaliana nao, kwa kuwa inamtazama mtoto na malezi anayoyahitaji kabla ya kuutazama ukoo au mahari. Lakini hakimu huyapima malezi anayoyaona siku ya shauri, na kila mwezi unaopita bila maombi kufunguliwa ni mwezi ambao upande mmoja peke yake ndio unaoonekana ukilea.